Cheo, medali na kura: Ukweli wa mwaniaji kuhusu utumishi wake jeshini

KILA msimu wa kampeni unapowadia, hawakosekani wagombeaji wanaotanguliza cheo cha kijeshi kabla ya majina yao. Mabango huandikwa "Meja mstaafu" au "Kapteni mstaafu", na jukwaani mwaniaji husimulia usiku aliokesha mpakani akiilinda nchi huku wapinzani wake wakilala unono. Kwa mpigakura aliyesimama juani katika soko la Rongo, Kaunti ya Migori, maneno hayo yana uzito. Jeshi ni miongoni mwa taasisi ambazo Wakenya wengi huzipa heshima, na aliyevaa sare hudhaniwa kuwa na nidhamu, uzalendo na mkono usiochezea mali ya umma.

Lakini je, mpigakura huyo atajuaje kwamba anayoambiwa ni kweli? Swali hili si la Rongo pekee. Limezuka Uganda, Zanzibar na Nairobi, na Marekani limekuwa likitikisa kampeni za urais kwa zaidi ya miongo miwili. Makala haya yanaeleza namna historia ya kijeshi inavyotumiwa katika siasa, mifano ya waliobainika kuitia chumvi au kuificha, sheria za Kenya zinavyosema, na mambo ambayo raia wa kawaida anaweza kuyachunguza mwenyewe.

Eneo lenye kumbukumbu ndefu za vita

Rongo ni mji ulio kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, mahali inapochipuka barabara ya kuelekea Homa Bay. Eneobunge lake lina wadi nne, zote zikibeba jina la Kamagambo: Kaskazini, Kati, Mashariki na Kusini. Awendo, penye kiwanda cha sukari cha Sony, palikuwa sehemu ya eneobunge hilo hadi palipopata mbunge wake katika uchaguzi wa 2013.

Vita havikuanza kusimuliwa huku juzi. Mnamo Septemba 1914, wiki chache tu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kuanza, kikosi cha Wajerumani kilivuka kutoka koloni yao ya kusini na kuingia Kisii, kikapambana na askari wa Keya, yaani kikosi cha kikoloni cha King's African Rifles (KAR). Baadaye wanaume wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoacha majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Maelfu hawakurudi, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa, wala si risasi.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka 1939, vijana wa Nyanza walienda tena, safari hii hadi Uhabeshi, Madagaska na Burma. Waliorudi walileta medali, koti zito la jeshi na masimulizi. Katika Kiluo, askari wa vita huitwa jalweny, na jina hilo lilikuwa na heshima yake katika boma. Ndiyo maana mwanasiasa anayejinasibisha na vita huwa amegusa jambo ambalo wasikilizaji wake wanalifahamu kutoka kwa babu zao.

Mmoja wa babu hao alikuwa Hussein Onyango Obama, mzaliwa wa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Homa Bay. Alitumikia jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili akiwa mpishi. Mjukuu wake, Barack Obama, aliyasimulia hayo katika kitabu chake cha 1995 na hakuona haya kuandika kwamba babu yake alishika mwiko badala ya bunduki. Jeshi haliendi vitani bila wapishi, madereva, mafundi na makarani, na utumishi wao ni utumishi kamili.

Aina nne za upotoshaji

Mifano ya nchi mbalimbali inaonyesha kwamba wanasiasa hupotosha historia yao ya kijeshi kwa njia nne. Ya kwanza ni kujipa vita ambavyo hawakupigana. Ya pili ni kujiongezea cheo au medali. Ya tatu ni kuficha namna walivyoondoka jeshini. Ya nne, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni kuficha walichotenda wakiwa na sare. Mbali na hizo, ipo njia ya tano inayoelekezwa kwa mpinzani: kumpaka matope aliyetumikia kweli ili wapigakura waitilie shaka heshima yake.

Kujipa vita

Mfano unaojulikana zaidi katika Afrika Mashariki ni wa Idi Amin. Kabla na baada ya kutwaa mamlaka nchini Uganda mnamo Januari 25, 1971, Amin alijisifu kwamba alipigana Burma katika Vita vya Pili. Kumbukumbu za KAR zinaonyesha aliandikishwa 1946, mwaka mmoja baada ya vita kumalizika, akianza kama msaidizi wa mpishi. Nishani ya Burma ilitolewa kwa waliohudumu katika vita hivyo kati ya Desemba 11, 1941 na Septemba 2, 1945. Tarehe hizo peke yake zingetosha kumaliza ubishi.

Amin hakuishia hapo. Alipokuwa rais alijivika nishani nyingi, akajitunukia cheo cha Field Marshal na kujiita mshindi wa himaya ya Uingereza. Hakuingia madarakani kwa kura, hivyo hakukuwa na mpigakura wa kumwuliza swali. Hata hivyo, kisa chake kinafundisha jambo moja: aliyeanza kwa kujiongezea vita kimoja hakukosa ujasiri wa kujiongezea mengine.

Zanzibar nako kulikuwa na John Okello, Mganda aliyeongoza uvamizi wa mapinduzi ya Januari 12, 1964. Okello alijitangaza Field Marshal kupitia redio na kudai kwamba alikuwa na uzoefu wa vita vya Mau Mau nchini Kenya. Wanahistoria hawajapata ushahidi kwamba aliwahi kuwa na wapiganaji wa msituni. Alikuwa amefanya vibarua vya aina nyingi Kenya na Pemba kabla ya siku hiyo. Madai yake yaliwatisha wengi kwa wiki kadhaa, lakini kufikia Machi 1964 viongozi wapya wa visiwa hivyo walikuwa wamemzuia kurudi.

Kenya yenyewe iliwahi kuumbuka kwa kutochunguza. Mnamo 2003, miezi michache baada ya serikali ya Narc kuingia madarakani, mzee mmoja aliletwa Nairobi kutoka Ethiopia na kupokewa kwa taadhima, ikiaminiwa kuwa ndiye Jenerali Stanley Mathenge, kamanda wa Mau Mau aliyetoweka miaka ya 1950. Mzee huyo hakuzungumza Kikuyu wala Kiswahili. Uchunguzi wa chembechembe za DNA ulibaini kwamba hakuwa Mathenge, bali mkulima wa huko huko Ethiopia. Aibu ilikuwa ya maafisa waliotaka shujaa kwa haraka kabla ya kutafuta ukweli.

Kujiongezea cheo na medali

Nchini Marekani, ambako historia ya kijeshi huhesabiwa kama mtaji wa kisiasa, visa vya aina hii ni vingi. Mnamo Mei 2010, gazeti la New York Times lilifichua kwamba Richard Blumenthal, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Connecticut na mwaniaji wa Seneti, alikuwa amesema hadharani kwamba alitumikia Vietnam. Ukweli ni kwamba aliahirishiwa kuandikishwa angalau mara tano, kisha akajiunga na kikosi cha akiba cha wanamaji ambacho hakikumpeleka Vietnam. Alikiri kwamba alikosea maneno, na mnamo Novemba mwaka huo akachaguliwa seneta.

Katika uchaguzi wa 2024, Tim Walz, aliyekuwa mwaniaji mwenza wa Kamala Harris, alikabiliwa na maswali kama hayo. Walz alihudumu katika kikosi cha akiba cha Walinzi wa Taifa kwa miaka 24, kutoka 1981 hadi 2005. Hilo halikuwa na ubishi. Kilichozua ubishi ni kauli yake ya 2018 kuhusu silaha alizobeba "vitani", ilhali hakuwahi kupelekwa kwenye mapigano, na desturi ya kumtaja kwa cheo cha juu alichowahi kushika badala ya kile cha chini alichostaafu nacho kwa sababu hakuwa amekamilisha masomo yaliyohitajika. Kampeni yake ilieleza kwamba aliteleza ulimi. Kisa hicho kinaonyesha jinsi neno moja la ziada linavyoweza kuchafua miaka mingi ya utumishi wa kweli.

Hata Barack Obama, ambaye hakuwahi kuwa mwanajeshi, aliteleza kuhusu jamaa yake. Mnamo Mei 2008 alisema mjomba wake alikuwa miongoni mwa wanajeshi wa kwanza kuwakomboa wafungwa wa Auschwitz. Kambi hiyo ilikombolewa na jeshi la Muungano wa Kisovieti mnamo Januari 27, 1945. Kampeni yake ilisahihisha upesi kwamba aliyekusudiwa ni kaka ya bibi yake, na kambi ni Ohrdruf, tawi la Buchenwald. Kosa lilisahihishwa kabla halijaota mizizi, na halikumzuia kushinda Novemba mwaka huo.

Je, sheria inaweza kuzuia uongo wa aina hii? Marekani ilijaribu. Sheria ya 2005 iliharamisha kudai kwa uongo kwamba mtu alitunukiwa nishani ya kijeshi. Xavier Alvarez, mwanachama wa bodi ya maji huko California, alishtakiwa kwa kusema mnamo 2007 kwamba alikuwa na nishani kuu ya ushujaa, ilhali hakuwahi kuwa mwanajeshi. Mnamo Juni 2012, Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria hiyo kwa hoja kwamba uongo pekee, bila madhara mengine, umo ndani ya uhuru wa kusema. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya inayomlenga yule anayedanganya kuhusu nishani ili ajipatie fedha, mali au faida nyingine ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, hukumu ya uongo wa jukwaani iliachiwa wapigakura na vyombo vya habari.

Kuficha namna ya kuondoka

Nchini Uganda, suala la mtu aliondokaje jeshini limekuwa la kufa na kupona. Kanali Kizza Besigye, daktari aliyejiunga na vita vya msituni vya Yoweri Museveni, alitishiwa kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi baada ya kuandika waraka wa kuukosoa utawala mwishoni mwa 1999. Aliruhusiwa kuondoka jeshini, akawania urais 2001. Aliporejea kutoka uhamishoni Oktoba 2005 alikamatwa mwezi uliofuata, akafunguliwa mashtaka katika mahakama ya kiraia na ile ya kijeshi, na bado akashiriki uchaguzi wa Februari 2006.

Museveni mwenyewe alistaafu jeshini 2004 akiwa na cheo cha jenerali, kabla ya uchaguzi huo wa kwanza wa vyama vingi tangu atwae mamlaka. Kwa hivyo Uganda, swali la nani bado ni askari na nani ni raia huamua nani anaruhusiwa kuwania, na nani anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Tanzania ilichukua njia tulivu zaidi. Wakati wa chama kimoja, maafisa wa jeshi waliweza kuwa na nyadhifa chamani. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa 1992, walilazimika kuchagua moja kati ya bunduki na siasa. Jakaya Kikwete alistaafu mwaka huo akiwa luteni kanali na kuendelea na siasa hadi akachaguliwa rais mnamo Desemba 2005. Tarehe na cheo chake vinajulikana na hakuna aliyevipinga.

Katika Nyanza, kipo kificho cha aina nyingine ambacho hakikutokana na tamaa ya kura bali hofu. Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Viongozi wa jaribio hilo, akiwemo Hezekiah Ochuka, walinyongwa 1987. Jeshi la Wanahewa lilivunjwa, mamia ya askari wakahukumiwa na mahakama za kijeshi na wengine wengi wakaachishwa kazi hata bila kuthibitishwa kwamba walishiriki. Baadhi yao walikuja kulipwa fidia na Mahakama Kuu katika miaka ya 2010 kwa mateso waliyopata kizuizini.

Kwa mtu aliyerudi nyumbani Kusini mwa Nyanza baada ya mkasa huo, kusema "nilikuwa mwanahewa" kulikuwa kujitafutia balaa. Baada ya mabadiliko ya utawala ya 2002, maneno yaleyale yaligeuka kuwa sifa ya ukombozi. Ndiyo sababu mpigakura anayesikia simulizi za 1982 hana budi kuwa mwangalifu pande zote mbili: wapo waliodhulumiwa kweli na kunyamaza kwa miaka 20, na hakuna kizuizi kwa asiyekuwepo kujipenyeza katika simulizi lao.

Mkasa huo uliwahi pia kumfuata mwanasiasa ambaye hakuwa mwanajeshi. Raila Odinga alishtakiwa kwa uhaini 1982, mashtaka yakaondolewa na akazuiliwa bila kufikishwa mahakamani hadi 1988. Mnamo Julai 2006, wasifu wake ulioandikwa na Babafemi Badejo ulidokeza kwamba alihusika na jaribio hilo zaidi ya alivyowahi kukiri hadharani. Baadhi ya wanasiasa walitaka ashtakiwe. Hakushtakiwa, na mnamo Desemba 2007 aliwania urais. Raila, aliyefariki Oktoba 2025, aliacha mjadala huo ukiwa haujafungwa.

Kuficha yaliyotendwa

Aina ya nne ndiyo inayogusa maisha ya watu. Jeshi la Kenya limetumwa mara kadhaa katika operesheni za ndani ambazo ziliacha makovu: Wagalla, Wajir, Februari 1984; Pokot Magharibi mwaka huo huo; na Mlima Elgon kuanzia Machi 2008. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC) ilikusanya ushahidi kuhusu matukio hayo na kukabidhi ripoti yake Mei 2013.

Mmoja wa waliotajwa kuhusiana na operesheni ya Pokot Magharibi ni Meja Jenerali mstaafu Joseph Nkaissery, aliyekuwa afisa jeshini wakati huo. Nkaissery aliingia bungeni kama mbunge wa Kajiado ya Kati katika uchaguzi wa 2002, na Desemba 2014 akateuliwa Waziri wa Usalama wa Ndani. Suala la Pokot liliibuka tena wakati wa kuhojiwa kwake, na bunge likamwidhinisha. Alihudumu hadi alipofariki Julai 2017. Hapa swali halikuwa kama alikuwa askari. Kila mtu alijua. Swali lilikuwa ni kipi kilichotokea chini ya amri aliyopewa au aliyotoa, na jibu la swali hilo halipatikani kwa kuangalia cheti cha utumishi.

Kumpaka matope aliyetumikia

Mnamo 2004, Seneta John Kerry aliwania urais wa Marekani akiwa na nishani za vita vya Vietnam, zikiwemo nishani tatu za waliojeruhiwa. Kikundi cha wanajeshi wa zamani kilirusha matangazo ya televisheni kudai kwamba hakuzistahili. Rekodi za Jeshi la Wanamaji na ushahidi wa wengi waliokuwa naye mashuani vilimuunga mkono, lakini alichelewa kujibu na doa likabaki. Alishindwa Novemba mwaka huo.

Mpinzani wake, Rais George W. Bush, naye aliandamwa na maswali kuhusu muda aliohudumu katika Walinzi wa Taifa wa Texas. Mnamo Septemba 2004, runinga ya CBS ilitangaza nyaraka zilizodaiwa kuthibitisha kwamba alipendelewa. Uhalisi wa nyaraka hizo haukuweza kuthibitishwa, runinga ikaomba radhi, na mtangazaji maarufu Dan Rather akaondoka kwenye kiti cha taarifa za jioni Machi 2005. Funzo kwa wanahabari lilikuwa kali: anayefichua uongo wa mwingine kwa karatasi isiyothibitishwa humwokoa anayemshtaki.

Sheria za Kenya zasemaje?

Katiba ya 2010 haihitaji mwaniaji yeyote awe amehudumu jeshini, wala haimpi aliyehudumu nafasi ya ziada. Jambo hili ndilo linalofungua mwanya. Mwaniaji wa ugavana au urais anahitajika kisheria kuwa na shahada, na kwa hivyo cheti chake hukaguliwa. Wakenya waliona uzito wa hitaji hilo mnamo 2022, wakati shahada ya Johnson Sakaja kutoka chuo kikuu kimoja cha Uganda ilipozua kesi na malumbano hadi akaapishwa gavana wa Nairobi. Cheo cha kijeshi hakina mkaguzi wa aina hiyo. Kikiandikwa kwenye bango, hakuna afisa wa Tume ya Uchaguzi (IEBC) anayelazimika kuuliza kimetoka wapi.

Hata hivyo, zipo kanuni zinazogusa suala hili. Kifungu cha 239 cha Katiba kinapiga marufuku wanajeshi, polisi na maafisa wa ujasusi kuendeleza maslahi ya chama chochote cha kisiasa wakiwa kazini. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka mtumishi wa umma anayetaka kuwania kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Sura ya Sita ya Katiba inataka viongozi wawe waadilifu, na chini ya Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 mwaniaji hujaza fomu ya kueleza habari zake na kuapa kwamba ni za kweli. Kuvaa sare za jeshi bila idhini ni kosa, liwe jukwaani au popote.

Uganda imeonyesha pia jinsi sheria ya sare inavyoweza kugeuzwa fimbo ya kisiasa. Mnamo Septemba 2019, kofia nyekundu, alama ya wafuasi wa Bobi Wine, iliorodheshwa miongoni mwa mavazi ya kijeshi ambayo raia hakuruhusiwa kuvaa.

Ugumu wa kuthibitisha

Kikwazo kikubwa kwa mwananchi ni usiri wa jeshi. Baada ya kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, kushambuliwa Januari 15, 2016, serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Ikiwa hata idadi ya mashujaa waliofariki ilifichwa, si rahisi kumpata afisa atakayethibitisha kwamba fulani alihudumu Somalia au hakuhudumu. Usiri huo unamlinda askari wa kweli dhidi ya adui, lakini pia unampa tapeli kichaka cha kujificha, kwa kuwa anaweza kujibu kila swali kwa kusema kwamba kazi yake ilikuwa ya siri.

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka kwa taasisi za umma, ambazo hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Anayenyimwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Habari zinazohusu usalama wa taifa na faragha ya mtu zinaweza kuzuiwa. Lakini hakuna kinachomzuia mwaniaji mwenyewe kuziweka wazi. Karatasi ni zake, na ruhusa ni yake.

Maswali ya kumwuliza mwaniaji

Mpigakura hahitaji kuwa mpelelezi. Maswali machache, yakiulizwa kwa heshima mbele ya watu, hutosha kutenganisha pumba na mchele.

Kwanza, aliandikishwa mwaka gani na kuondoka mwaka gani? Tarehe ndizo zilizomuumbua Amin. Anayedai kwamba aliingia Somalia na kikosi cha kwanza cha Operesheni Linda Nchi anapaswa kuwa alikuwa jeshini Oktoba 2011.

Pili, alihudumu katika kikosi gani, na kazi yake ilikuwa ipi? Askari wa kweli hasahau kikosi chake, na katika kaunti yenye wanajeshi wastaafu, hatakosa kupatikana mtu wa kuthibitisha. Iwapo alikuwa dereva au mpishi, aseme hivyo bila kuinamisha kichwa.

Tatu, alistaafu na cheo gani? Kuna umbali mrefu kati ya koplo na kapteni, na kati ya kapteni na kanali. Kukaimu cheo kwa muda si sawa na kustaafu nacho.

Nne, aliondokaje? Alimaliza mkataba, alistaafu kwa ugonjwa, alijiuzulu au alifukuzwa? Aliyefukuzwa anaweza kuwa na maelezo mazuri, kama walivyokuwa nayo baadhi ya wanahewa wa 1982. Kinachotakiwa ni ayatoe mwenyewe kabla hayajatolewa na mpinzani.

Tano, iwapo alikuwa afisa katika operesheni ambayo raia waliumia, alijua nini na alifanya nini? Hili ndilo swali ambalo wagombeaji hulikimbia zaidi, na ndilo linalowahusu wananchi zaidi.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni madogo, na kwamba mkulima wa miwa hapimi mbunge kwa vita alivyopigana bali kwa barabara, basari na bei ya tani moja ya muwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Wanajeshi wa zamani kama Jackson Mulinge na Marsden Madoka waliingia bungeni, na kazi yao humo ilipimwa kwa mizani ileile ya wabunge wengine. Lakini mbunge husimamia fedha za Hazina ya Maeneobunge, na wananchi hawana njia rahisi ya kukagua kila shilingi. Hulazimika kuamini hesabu wanazosomewa. Mtu aliyewasomea wasifu wa uongo walipokuwa wakimtazama usoni hana sababu ya kuwasomea hesabu za kweli wakiwa mbali.

Uchaguzi Mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Kabla ya siku hiyo, mabango yatabandikwa Rongo, Awendo na njia nzima hadi Homa Bay, na baadhi yake yatakuwa na vyeo. Mwenye haki ya kukitumia cheo chake hatakerwa na mzee wa Kamagambo atakayenyoosha mkono na kumwomba ataje mwaka aliovaa sare na mwaka aliozivua.